Odeta Hataki Mchungaji

Mutayoba alibarikiwa kuwa mchungaji akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, mwaka wa sabini na tano, katika kanisa la mjini Mwanza lililojaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Walibarikiwa wanne siku hiyo. Wenzake watatu walikuwa vijana, na chuoni walizoea kumwita Babu. Askofu alipomwekea mikono kichwani, na wachungaji waliomzunguka wakanyoosha ya kwao, Mutayoba alihisi uzito ukimshukia mpaka magotini. Akafumba macho. Alipoyafumbua alimtafuta mtu mmoja tu katika umati ule. Binti yake Odeta alikuwa ameketi upande wa wanawake, amevaa gauni la bluu la marehemu mama yake, anatazama chini.

Baada ya ibada watu walimmiminikia wakampa mkono. Hongera Mchungaji, Mungu akutie nguvu Mchungaji. Odeta naye alikuja, akapiga magoti kidogo kama binti alivyofunzwa, akasema, "Hongera, Tata." Ndivyo alivyomwita tangu utoto, kwa Kihaya chao. Kisha akaenda kuwasaidia akina mama kugawa chai.

Kwa miaka mingi Mutayoba alikuwa mwinjilisti ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, Mhaya kati ya Wasukuma, katika kijiji cha Mwalubanda. Alihubiri, alifundisha wanaotaka kubatizwa, alizika wafu. Kitu asichoweza kufanya ni kufungisha ndoa. Vijana walipomjia aliwajibu neno lile lile: msubirini mchungaji. Na mchungaji alikuwa mmoja, Mzee Luhaga, mkazi wa Mwanza, aliyefika Mwalubanda mara mbili kwa mwaka mvua ikimruhusu. Wachache walisubiri. Wengi walichoka wakaanza maisha, na Mzee Luhaga alipokuja kuwafungisha, bibi harusi alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono.

Aliyekosa usingizi kwa jambo hilo ni Paskazia, mke wake.

"Nenda ukasome," alimwambia kila mara. "Watu wanataka kuoana, wewe unawaambia wasubiri meli. Utakuwa mwinjilisti mpaka lini?"

Akaenda. Chuo kilikuwa Bukoba, na mwanafunzi hakuruhusiwa kuja na familia, kwa hiyo Paskazia alibaki kijijini na Odeta, mtoto wao pekee aliyeishi. Mwaka wa kwanza haujaisha Paskazia akaugua kifua. Odeta alimuuguza peke yake, akamkanda, akamnywesha uji kwa kijiko, akampeleka hospitali juu ya mkokoteni wa ng'ombe, akarudi naye kwa mkokoteni ule ule amefunikwa shuka. Mutayoba alipata habari za ugonjwa na za kifo kwa pamoja. Alipanda meli, akafika maziko yamekwisha.

Mwaka uliofuata ikaja operesheni ya vijiji. Watu wa Mwalubanda walihamishwa kutoka kilimani wakapangwa bondeni kando ya barabara, nyumba kwa mistari, balozi kila nyumba kumi. Mutayoba alikuwa bado chuoni. Ni Odeta aliyebeba vyungu, godoro na Biblia za baba yake kichwani, safari baada ya safari. Kaburi la mama yake halikuweza kubebwa, likabaki kule juu kwenye mahame.

Basi huyo ndiye Mutayoba aliyerudi na kola nyeupe shingoni, akakuta nyumba mpya asiyoijua milango yake, na binti aliyekuwa mwanamke tayari, anayempakulia chakula kwa adabu na kula jikoni peke yake.

Kuwekewa mikono peke yake hakukutosha. Sheria mpya ya ndoa ilitaka kila mchungaji awe na leseni ya serikali, na bila leseni hiyo ndoa aliyoifungisha ingekuwa maneno matupu mbele ya mahakama. Mutayoba aliomba, akasubiri. Alikwenda bomani Sengerema kuulizia, akaambiwa bado. Akaenda tena, bado. Wakati huohuo kijiji kilikuwa kimeanza kumtendea kama mgeni. Zamani, alipokuwa mwinjilisti, wanaume walimsogezea kigoda wakaendelea na hadithi zao. Sasa akitokea walinyamaza, kata ya pombe ikapotea nyuma ya mlango, mmoja akaanza kuzungumzia mvua. Kisimani akina mama waliacha kucheka mpaka apite. Hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Hata Mzee Ngosha, mzee wa kanisa waliyelima pamoja shamba la pamba miaka yote ile, sasa alivua kofia anapomwona. Mutayoba alimwambia aache. Ngosha akajibu, "Haiwezekani, Mchungaji," na akaivua tena kesho yake.

Leseni ilifika baada ya Krismasi. Mutayoba aliisoma njiani mara kadhaa, akaingia nayo uani ambako Odeta alikuwa anachekecha unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada tuliokula nchi nzima miaka ile ya njaa.

Odeta alikuwa na mchumba. Kijana huyo aliitwa Ndalahwa, bwana shamba wa pamba, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Wazee walikwisha kukubaliana. Ndalahwa alikuwa amepata uhamisho kwenda Maswa, na harusi ilitakiwa iwe kabla hajaondoka.

"Mwanangu," Mutayoba alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu arudi, "leseni imetoka. Ndoa yangu ya kwanza itakuwa yako."

Odeta aligonga chekecheo pembeni, akaliweka chini. "Muagizie Mzee Luhaga, Tata."

"Luhaga wa nini? Nimekwambia leseni hii hapa."

"Nimeiona."

"Sasa?"

"Wachungaji wapo. Mimi nataka baba wa kukaa kwenye kiti cha baba."

Mutayoba alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. "Nitakuwa vyote viwili."

"Huwezi," Odeta alisema. Hakupandisha sauti. "Ulishajaribu." Akainua chekecheo akaendelea na kazi.

Mutayoba alikasirika. Aliingia ndani akakaa kitandani na joho lake jipya likining'inia ukutani mbele yake. Miaka yote ile ya kusoma na vijana wanaomwita Babu, mke aliyekufa yeye hayupo, yote hayo ili watu wasisubiri tena meli, na mtu wa kwanza kumkataa ni damu yake. Alipomweleza Mzee Ngosha, mzee yule alishika kiuno.

"Watu watasemaje? Mchungaji yupo, tumemngoja miaka, halafu binti yake anaagiza mwingine kutoka Mwanza? Watasema una jambo. Mlazimishe."

Lakini Odeta hakuwa wa kulazimishwa, na Mutayoba alilijua hilo. Siku zikapita ndani ya nyumba ile bila maneno zaidi ya shikamoo, marahaba na karibu chakula.

Jumamosi moja alirudi kutoka kumtembelea mgonjwa akakuta jembe dogo halipo na mlango umerudishiwa. Alijua Odeta alikokwenda. Akapanda kilima. Mahame yalikuwa yamemezwa na majani, kuta zimeyeyuka na mvua, na mtu aliyekuwa mgeni asingeweza kusema ni wapi palikuwa na nyumba. Odeta alikuwa amepiga magoti, anapalilia kaburi. Kutoka pale ziwa lilionekana lote, na milima ya Mwanza ng'ambo kama mawe yaliyosahauliwa.

Mutayoba alisimama hatua chache nyuma. "Ungeniambia, tungekuja wote."

"Sikujua kama una nafasi."

Alichuchumaa upande wa pili akaanza kung'oa majani kwa mikono. Walifanya kazi hivyo kwa muda. Kisha Odeta akasema bila kuinua uso:

"Siku ile nilikungoja barabarani. Walisema meli imefika Mwanza asubuhi, nikajua jioni utakuwa hapa. Nilikuwa sijalia. Watu wote wamelia mimi bado, nasema nitalia Tata akifika, tutalia wote. Ukaja. Ukasimama hapo uliposimama ulipofika sasa hivi, ukafungua kitabu. Ukawaombea watu, ukawafariji, ukahubiri juu ya ufufuo. Kila mtu alisema amehubiri vizuri, kweli huyu ameitwa. Ukanishika kichwa ukanibariki kama mtoto wa jirani. Baada ya siku chache ukarudi chuoni."

Mutayoba alikuwa na majani mkononi. Alitaka kusema kwamba ndivyo alivyofundishwa, kwamba asingeshika kitabu kile angeanguka. Akayatupa, akang'oa mengine.

"Nilimngoja baba," Odeta alisema. "Akaja mhubiri. Ndiyo maana."

Walishuka kilimani wakati jua limeegemea magharibi, yeye mbele na binti nyuma. Keshoye alimtuma mtu aliyekuwa anavuka kwenda Mwanza amwombe Mzee Luhaga aje kufungisha ndoa ya Odeta. Jibu lilirudi kwamba atakuja, na tena kwa furaha.

Siku ya harusi Mwalubanda nzima ilikuwa imeamka mapema. Upande wa Ndalahwa ulikuwa umechinja, masufuria yanachemka, na akina mama wamepata mchele Mungu anajua wapi. Mutayoba hakuvaa kola. Alivaa suti ya Kaunda ya kijivu iliyomkaba kidogo mabegani, akajiona kwenye kioo cha dirisha akadhani ni mtu mwingine. Kanisani, kwenye mstari wa mbele, aliwekewa kiti cha baba wa bibi harusi. Alipita akakigusa tu, akatoka nje kumngoja mgeni.

Mzee Luhaga hakutokea. Lori la ushirika lililokuwa limekwenda kuwapokea watu wa pantoni lilirudi na abiria wengine, na mmoja wao alileta salamu: mzee ameshikwa na malaria tangu juzi, hawezi kusimama, anaomba radhi sana.

Habari ilienea haraka. Ngosha alimfuata Mutayoba pembeni ya kanisa, na wazee wengine wakasogea.

"Mungu mwenyewe ameamua," Ngosha alisema. "Leseni unayo, joho unalo, watu wamejaa. Nenda ukavae."

Mutayoba alikwenda nyumbani. Odeta alikuwa chumbani mwa baba yake pamoja na Teodora, rafiki wa mama yake, amekwisha kuvalishwa gauni jeupe la kuazima. Teodora alipomwona akatoka bila kuambiwa.

"Mzee Luhaga anaumwa," Mutayoba alisema. "Hatakuja."

Odeta alitazama joho ukutani. Nje ngoma zilikuwa zimeanza kugongwa taratibu, vijana wanajaribu mikono.

"Basi kavae," alisema. Alisema kama mtu anayekubali kumeza dawa chungu kwa sababu hana budi.

Joho lilikuwa palepale ukutani. Mutayoba alilishusha, akaingiza mkono mmoja. Akasimama hivyo, nusu ndani nusu nje. Na ukweli ni kwamba alilitaka. Alitaka kusimama mbele ya watu wale, atamke maneno aliyoyakariri Bukoba taa zikiwa zimezimwa, aone nyuso zao. Alitaka sana, na aliona aibu kwa kutaka vile. Akautoa mkono wake, akalirudisha joho kwenye msumari.

"Hapana," alisema. "Tutavuka. Twende tukamfuate huko aliko."

"Tata, watu wamejaa."

"Watakula. Chakula kipo."

Ngosha alikasirika mbele za watu, jambo asilowahi kulifanya. Alisema Mchungaji anawadhalilisha, kwamba hajaona harusi ya kuwakimbia wageni. Ndalahwa ndiye aliyemaliza maneno. Alimtazama Odeta, akamtazama mkwewe, akamwambia dereva wa lori ageuze gari. Walipanda juu ya magunia matupu ya pamba: bibi na bwana harusi, Mutayoba, Teodora, na Kija mdogo wake Ndalahwa, hao wawili wawe mashahidi. Kijiji kilibaki kimesimama barabarani na masufuria yake.

Kwenye pantoni watu waliwapisha wakawapa nafasi ya kukaa. Odeta alikusanya gauni lake lisiguse sakafu yenye mafuta. Upepo wa ziwa ulikuwa mkali, na Mutayoba alimvulia koti lake akamfunika mabegani. Odeta alimrudishia koti mawe ya Mwanza yalipokaribia.

Mzee Luhaga walimkuta kitandani, amejifunika blanketi mbili na bado anatetemeka. Mkewe alitaka kuwafukuza. Mzee alipoelewa kilichotokea aliomba fimbo yake.

"Kanisa ni hapo tu," alisema meno yakigongana. "Nishikeni."

Kanisa lile lile ambamo Mutayoba alibarikiwa lilikuwa tupu. Sauti zao ziligonga dari zikarudi. Mzee Luhaga alifungisha ndoa ile akiwa ameketi, blanketi juu ya joho, na alipumzika kila baada ya maneno machache. Mutayoba alikaa kwenye benchi la mbele peke yake, mikono juu ya magoti. Alijua kila neno litakalofuata. Midomo yake ilitaka kuyatangulia, akaibana.

"Ni nani," Mzee Luhaga aliuliza, "anayemtoa binti huyu aolewe?"

Mutayoba alisimama. Jibu ni fupi, mtu yeyote angeweza kulitamka. Alifungua mdomo, pakatoka sauti ambayo hakuijua, kama ya mtu aliyepigwa kifuani. Alilia. Alilia mbele ya mwenziwe wa huduma, mbele ya mkwewe, bila kuficha uso, mabega yakiruka ndani ya suti ile iliyombana. Teodora alianza kwenda kumshika, Odeta akamzuia. Aliacha mkono wa Ndalahwa akaja yeye mwenyewe, akaegemeza kichwa chake kifuani mwa baba yake, naye akalia, na Mzee Luhaga akawangoja wote wawili, anatetemeka.

"Ni mimi," Mutayoba alisema alipoweza. "Mimi na Paskazia."

Maharusi walilala Buhongwa kwa ami yake Ndalahwa, kwenye barabara ya Shinyanga, na kesho yake asubuhi walipata gari la kuelekea Maswa. Mutayoba aliwasindikiza. Alishika mzigo mpaka dakika ya mwisho, kondakta alipomwomba aupakie.

"Utakula nini?" Odeta aliuliza dirishani.

"Nitapika."

"Hujui kupika."

"Nitajifunza. Nenda salama, mama."

Gari likaondoka. Alisimama mpaka vumbi likatulia, kisha akageuka kurudi mjini kwa miguu, kwa sababu hakuwa na haraka ya kufika popote.

Mwalubanda walimpokea kwa ubaridi. Ngosha hakumvulia kofia tena, jambo ambalo lingemfurahisha Mutayoba kama mzee yule angekuwa anamsalimu. Mkuu wa jimbo aliposikia alimwita, akamuuliza kwa upole kama ana mashaka na wito wake. Mutayoba alisema hana. Hakueleza zaidi, na mkuu hakuuliza zaidi. Nyumbani alijifunza kusonga ugali. Mwanzoni ulikuwa na mabonge, akaula hivyo hivyo. Jioni alisikia majirani wakizungumza uani kwao, akajua sauti ya kila mmoja, nani anamtania nani. Baadhi ya Jumamosi alipanda kilimani na jembe. Huko alizungumza kwa sauti, Kihaya, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia wala wa kumnyamazia.

Ndoa yake ya kwanza aliifungisha baada ya mavuno. Walikuwa kijana mvuvi kutoka kambi ya pwani ya ziwa na msichana wa kijijini, watu wasio na ndugu wengi. Alivaa joho, akasoma maneno taratibu, akatamka kwamba kwa mamlaka aliyopewa na kanisa na serikali wao sasa ni mume na mke. Sauti yake haikutetemeka. Bibi harusi alitabasamu bila meno kuonekana. Watu wakapiga vigelegele wakawabeba kwenda kwenye ngoma.

Walimwekea meza yake peke yake pembeni, kama heshima ya mchungaji inavyotaka, na kitambaa juu, na sahani ya wali iliyofunikwa. Wacheza ngoma walikuwa upande wa pili wa uwanja. Baada ya muda Ngosha alipita karibu, akasita, akasema, "Umeifungisha vizuri."

"Asante, Ngosha. Keti."

"Nikirudi," Ngosha alisema, akaenda kucheza.

Mutayoba alifunua sahani akala taratibu. Chakula kilikuwa kimepoa. Alipomaliza hakuondoka, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kumuuliza mbona umechelewa. Akabaki pale anawatazama, mpaka vumbi la miguu yao likafunika meza na jua likazama upande wa Bukoba.